Kujenga vyombo vikubwa vya kuchunguza viini adimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia, wahandisi na mafundi wanaotaka kujua jinsi vyombo hivi vinavyojengwa na vinavyoharibika. Mifano mingi imetoka FRIB, kituo cha miale ya viini adimu kilichopo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, pamoja na vyombo viwili vinavyofahamika sana katika fani hii: MoNA, kigunduzi cha nyutroni, na GRETA, kigunduzi cha mionzi ya gama.

Mwale wa viini nururifu ni kitu gani?

Viini vya atomu zinazotuzunguka karibu vyote ni thabiti. Kiini kikizidishiwa au kupunguziwa nyutroni kupita kiasi huwa tete na kuoza, pengine ndani ya milisekunde chache. Kiini cha namna hiyo hakiuzwi kwenye chupa wala hakikai kabatini. Lazima kitengenezwe, kitenganishwe na viini vingine visivyotakiwa, kisha kifikishwe kwenye kigunduzi kabla hakijaoza. Mkondo wa viini hivyo vikisafiri pamoja ndani ya bomba lenye ombwe ndio tunaouita mwale.

Njia kuu za kuupata ni mbili. Ya kwanza inatumika ISOLDE, kwenye maabara ya CERN karibu na Geneva, kituo kilichoanza kazi mwaka 1967. Protoni hupiga shabaha nene yenye joto kali, viini vipya hujipenyeza polepole hadi nje, hugeuzwa ioni (atomu zenye chaji) na kupangwa kwa uzito. Mwale unaopatikana ni mzuri na mtulivu, lakini elementi zinazong'ang'ania ndani ya shabaha hazitoki, na viini vinavyokufa haraka hufia humo humo. Njia ya pili ndiyo ya FRIB: kiini kizito chenyewe hurushwa kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, kikavunjikia kwenye shabaha nyembamba ya grafiti, na vipande vikaendelea mbele kwa kasi ileile. Hapa kemia haina kauli. Kipande kinakata mita 100 kwa muda usiofika mikrosekunde moja, kwa hiyo hata kiini cha maisha mafupi sana hufika kikiwa hai.

Kwa nini chombo kiwe na tani mamia wakati kinachopimwa ni kidogo kuliko atomu?

Kwa sababu ya kasi na uhaba. Tuanze na kasi. Kiini chenye uzani wa 24, yaani jumla ya protoni na nyutroni, na chaji 8 (oksijeni-24) kikienda kwa nusu ya kasi ya mwanga, ugumu wake wa kupindishwa (uga wa sumaku mara nusu kipenyo cha duara) ni teslamita 5.4. Hesabu yake ni 3.107 mara uzani, gawanya kwa chaji, mara kasi (kama sehemu ya kasi ya mwanga) iliyozidishwa kwa kipengele cha Lorentz, yaani sahihisho la kasi kubwa, ambalo hapa ni 1.15. Ukiwa na sumaku ya tesla 1.6, kiini hicho kitazunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 3.4. Chuma cha kawaida hushiba uga karibu na tesla 2, kwa hiyo huwezi kuifinya sumaku hiyo upendavyo. Spektromita ya S800 (mfumo wa sumaku unaopanga viini kwa jinsi vinavyopinda), iliyofanya kazi Michigan tangu enzi za mashine zilizotangulia FRIB, mwisho wake ni teslamita 4. Ndiyo maana inajengwa spektromita mpya ya teslamita 8: viini vyenye nyutroni nyingi vina uzani mkubwa kwa chaji ndogo, na vinapita kwenye sumaku ndogo bila kupinda vya kutosha.

Uhaba ndio wenye kauli kubwa zaidi. FRIB ilisanifiwa kurusha ioni za urani zipatazo trilioni 50 kwa sekunde, lakini kiini adimu unachokitafuta kinaweza kufika kimoja kwa saa, au kimoja kwa siku. Hakuna kiini cha kupoteza. Kila kigunduzi kinapanuliwa ili kizungushe shabaha kadiri inavyowezekana, na kila kiini kinahesabiwa kimoja kimoja.

Usanifu unaanzia wapi: sumaku, vigunduzi au jengo?

Unaanzia kwenye karatasi ya hesabu ya matukio. Kabla mtu hajachora bolti hata moja, afanye hesabu hii. Tuseme mwale unaleta viini 10 kwa sekunde. Shabaha ni berili yenye gramu 1 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo pana atomu 6.7 × 10²². Kama uwezekano wa mmenyuko ni milibani 1 (eneo la sentimita za mraba 10⁻²⁷ kwa kila atomu), kila kiini kina nafasi ya 6.7 kati ya 100,000. Kwa siku nzima utapata mimenyuko 58. Kigunduzi chako cha gama kikikamata asilimia 8 tu, unabaki na matukio manne au matano. Siku tano za mwale zinakupa 23.

Sasa uliza: matukio 23 yanajibu swali lako? Kama hayajibu, una mambo matatu ya kuchezea: unene wa shabaha, ufanisi wa kigunduzi na idadi ya siku. Shabaha nene huchafua kipimo cha nishati, maana hujui mmenyuko ulitokea mwanzoni au mwishoni mwake. Siku za mwale hugawanywa na kamati, na maombi siku zote huzidi nafasi. Kinachobaki mikononi mwako ni ufanisi. Timu inayoruka hatua hii hujikuta imejenga chombo kizuri kisichojibu swali lolote.

Baada ya hapo ndipo huja uigaji wa kompyuta, michoro ya kihandisi, kipande kimoja cha majaribio, ndipo uzalishaji. Kipande cha majaribio kisikatwe kwa kubana bajeti. Makosa yote ya bei rahisi yako pale.

Kigunduzi cha nyutroni kama MoNA kinaundwaje, hatua kwa hatua?

MoNA ni mfano mzuri kwa sababu iliunganishwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka vyuo kadhaa vya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ina pau 144 za plastiki inayotoa mmweko wa mwanga inapogongwa na chembe. Kila upau una urefu wa mita 2, na upana na kimo cha sentimita 10; uzito wake ni kilo 20 na kidogo. Pau 16 hupangwa moja juu ya nyingine kufanya ukuta, na kuta ni 9. Kila ncha ina fotomaltiplaya, yaani bomba la kioo linalogeuza mmweko hafifu kuwa mpigo wa umeme. Jumla ni mabomba 288.

Plastiki hupokelewa kwa glavu. Jasho la vidole na vimumunyisho kama asetoni hufanya uso wa plastiki uwe na nyufa ndogondogo, na mwanga unaosafiri kwa kuakisiwa kwenye uso huo hupotea. Upau huvikwa kwanza kiakisi, kisha gamba jeusi lisilopitisha mwanga. Fotomaltiplaya hubandikwa kwenye ncha kwa gundi angavu, au kwa grisi angavu ikiwa inatarajiwa kubanduliwa. Kiputo kimoja cha hewa katikati ya kiungo kinatosha kukunyima mwanga mwingi. Bomba huzungushiwa ganda la metali maalumu linalozuia uga wa sumaku, kwa kuwa sumaku kubwa iko mita chache tu kutoka hapo na elektroni ndani ya bomba hupotoshwa kirahisi.

Kisha hufuata msako wa mwanga unaopenya. Zima taa za chumba, panda na volteji taratibu huku ukitazama mpigo kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme), halafu washa taa. Mipigo ikiongezeka, kuna tundu. Pita na tochi ndogo kando ya mishono, hasa pale upau unapokutana na bomba. Karibu kila tundu liko hapo. Usiwashe volteji kamili kabla ya kumaliza hatua hii, kwani bomba linaloona mwanga wa chumba likiwa na volti elfu moja na zaidi linaweza kuharibika moja kwa moja.

Pau 144 zinalinganishwaje bila kuwa na nyutroni za kupimia?

Mbingu inasaidia. Myuoni, chembe zenye chaji zinazozaliwa na mionzi ya anga, hutua usawa wa ardhi kwa kiasi cha moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Upau mmoja ukilala una eneo la sentimita za mraba 2,000, kwa hiyo unapitiwa na myuoni zipatazo 33 kila sekunde, usiku na mchana, bila malipo. Myuoni inayopita wima huacha nishati ya karibu MeV 20 (elektronivolti milioni 20) ndani ya sentimita 10 za plastiki. Unapandisha au kushusha volteji ya kila bomba mpaka kilele cha myuoni kikae mahali pamoja kwa mabomba yote.

Mahali pa mgongano hupatikana kwa kulinganisha muda wa ncha mbili. Mwanga ndani ya upau husonga karibu sentimita 15 kwa nanosekunde. Tofauti ya muda, ukiigawa kwa mbili na kuizidisha kwa kasi hiyo, ndiyo umbali kutoka katikati. Ukichora tofauti za muda za myuoni zote unapata umbo kama sanduku, na kingo zake mbili ndizo ncha za upau. Myuoni hiyohiyo ikipita pau 16 mfululizo hutumia theluthi moja ya nanosekunde kati ya upau na upau, na hapo saa za pau zote hupangwa ziende pamoja. Saa kuu ya mwanzo huwekwa kwa mionzi ya gama itokayo kwenye shabaha: kama ukuta uko mita 8, gama hufika baada ya nanosekunde 27, ilhali nyutroni inayokwenda kwa 0.4 ya kasi ya mwanga hufika baada ya 67.

Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha kebo moja iliyokufa na kuweka yenye urefu tofauti bila kuandika. Sentimita 20 za kebo ni nanosekunde moja. Jaribio zima linaweza kuchambuliwa vibaya kwa ajili ya kebo hiyo.

Nyutroni moja ikigonga mara mbili, chombo hakitadhani ni nyutroni mbili?

Kitadhani, na hili ndilo tatizo gumu kuliko yote kwenye vigunduzi vya nyutroni. Nyutroni haina chaji. Hugonga protoni ndani ya plastiki, hupinda, na huweza kugonga tena upau mwingine. Anayechunguza kiini kama oksijeni-26, ambacho hutema nyutroni mbili kwa pamoja, atadanganyika asipokuwa makini. Kinga iliyozoeleka ni kuangalia umbali na kasi kati ya migongano miwili. Ikiwa migongano iko karibu, au kasi inayohitajika kutoka wa kwanza hadi wa pili ni ndogo kuliko ile nyutroni iliyokuja nayo, tukio linatupwa. Gharama yake ni kubwa, maana unatupa na nyutroni mbili za kweli zilizotua karibu. Ndiyo maana kuta huongezwa na kutenganishwa: MoNA ilipoongezewa pacha wake LISA, wenye pau 144 nyingine, umbali huo uliweza kupangwa kulingana na jaribio.

Kwa nini GRETA inatumia gerimani iliyokatwa vipande 36, na si kristali nzima?

Sababu ni kasi ya kiini kinachotoa mionzi. Kiini kikienda kwa 0.4 ya kasi ya mwanga kikatoa gama ya MeV 1, kigunduzi kilichoko mbele kitaisoma MeV 1.53, cha pembeni kwa nyuzi 90 kitaisoma 0.92, na cha nyuma 0.65. Ili urudishe nishati ya kweli lazima ujue pembe. Kristali yenye upana wa sentimita 8 iliyoko sentimita 18 kutoka kwenye shabaha, kama hujui gama iligonga wapi ndani yake, inakupa shaka ya karibu asilimia 18 pembeni. Ukijua mahali kwa usahihi wa milimita 2, shaka inashuka hadi asilimia 0.4. Hapo mistari miwili ya gama iliyokuwa imemezana hutengana, na chombo kimoja kinageuka kuwa kingine kabisa.

GRETA imesanifiwa kuwa na kristali 120 zilizofungwa nne nne kwenye moduli 30. Kila kristali inatoa mawimbi 37: moja la elektrodi ya katikati na 36 ya vipande vya nje. Hayo ni mawimbi 4,440, na kila moja husomwa kila nanosekunde 10. Kompyuta hulinganisha umbo la wimbi na maktaba ya maumbo yaliyokokotolewa kabla, ikasema gama iligonga hapa, ikarukia pale, ikaishia kule. Sehemu hiyo ya programu ni kazi sawa na kukuza kristali zenyewe, na anayepanga bajeti akaiona kama nyongeza ya mwishoni amekosea.

Kigunduzi cha gerimani kinauawa na nini?

Mara nyingi kinauawa na uzembe wa kupoza. Kristali hufanya kazi karibu na joto la nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ikiwa na volti elfu kadhaa. Ikipata joto volteji ikiwa bado imewashwa, mkondo huongezeka ghafla na huweza kuunguza transista ya kwanza iliyo ndani ya ombwe, mahali pasipofikika bila kufungua moduli yote. Kwa hiyo kila kristali iwe na kipimajoto kinachokata volteji chenyewe, bila kusubiri programu wala mtu. Valvu za kujazia nitrojeni huganda na kukwama wazi au kukwama zimefungwa. Weka kihisi kwenye njia ya kutokea, na kengele inayomwita mtu wa zamu usiku.

Adui wa pili ni nyutroni. Huacha kasoro ndani ya kristali zinazonasa chaji, na mistari ya gama huanza kuota mkia upande wa nishati ndogo. Tiba yake ni kuipasha kristali hadi karibu nyuzi 100 kwa siku kadhaa huku ombwe likivutwa, kisha kuipoza tena. Mara nyingi kristali hupona.

Ombwe linagoma kushuka. Tutafute wapi?

Kwanza jiulize kama ni tundu au ni uchafu. Funga valvu ya pampu na uangalie mgandamizo unavyopanda. Ukipanda kwa mstari ulionyooka bila kupunguza mwendo, kuna tundu. Ukipanda kisha ukalegea, ni maji na mafuta yanayotoka kwenye kuta: alama za vidole, grisi iliyozidi, plastiki isiyofaa.

Kwa tundu, unganisha mashine ya kunusa heli na upulizie heli kidogokidogo ukianzia juu kwenda chini. Heli ni nyepesi. Ukianzia chini itapanda na kukudanganya. Unywele mmoja uliolala juu ya oringi, pete ya kuziba mshono, unatosha kuharibu kila kitu, kwa hiyo oringi ifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na kukaguliwa chini ya taa kabla ya kufunga. Kuna pia uvujaji ambao mashine ya heli haiuoni: hewa iliyonaswa chini ya skrubu kwenye tundu lisilotokea upande wa pili. Inatoka kidogokidogo kwa wiki nzima. Ndani ya ombwe tumia skrubu zilizotobolewa katikati, na usichomelee mshono pande zote mbili ukafungia hewa katikati. Jambo hili huamuliwa kwenye mchoro. Likishapita hapo halina tiba nyepesi.

Sumaku na vigunduzi vinapangwa kwa usahihi gani, na vinakaa hapo?

Kwa kawaida sehemu moja ya kumi ya milimita hadi chache za kumi. Kila kipande hubandikwa alama za kupimia kiwandani, na mkao wake husomwa kwa kifaa cha leza kinachofuata kioo kidogo cha duara. Vinakaa hapo? Havikai vyenyewe. Sakafu ya zege huzama ukipanga juu yake tani mamia za kinga. Chumba cha ombwe hujikunja hewa inapotolewa, na bomba lisilo na kiungo kinachonyumbulika huvuta kigunduzi. Sumaku za superkonda, ambazo waya wake hauna ukinzani wa umeme ukiwa baridi sana, husinyaa zikipozwa: chuma cha pua hupungua karibu milimita 3 kwa kila mita kutoka joto la chumba hadi joto la heli ya kimiminika. Kwa hiyo pima mara nne: kikiwa wazi, kikiwa na ombwe, kikiwa baridi, na baada ya kuweka kinga zote.

Superkonda inaleta matatizo gani ambayo sumaku ya kawaida haina?

Sumaku hizi hupozwa kwa heli hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Waya ukipata joto kidogo tu, labda kwa kusogea sehemu ndogo ya milimita chini ya nguvu ya uga, sehemu hiyo hupata ukinzani, hupasha jirani yake, na nishati yote ya sumaku hugeuka joto ndani ya sekunde chache. Vihisi vya volteji lazima vitambue hali hiyo mapema na kuielekeza nishati kwenye vipingamizi vya nje. Sumaku mpya huhitaji kuzoezwa: hupandishwa mkondo, huanguka, hupozwa, hupandishwa tena juu zaidi. Kuanguka mara chache mwanzoni si dalili ya ubovu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Heli inayovuja kwenye majengo haya hupenya kioo cha fotomaltiplaya. Baada ya muda bomba huanza kutoa mipigo ya baadaye, vivuli vinavyofuata mpigo wa kweli. Mabomba ya akiba yasitunzwe chumba kimoja na mitungi ya heli.

Umeme una kelele. Tuanze na nini?

Anza na ethi, yaani waya unaounganisha vifaa na ardhi. Vifaa viwili vilivyounganishwa ethi mahali pawili hufanya kitanzi kinachonasa mtetemo wa njia kuu ya umeme, hezi 60 Marekani na 50 kwetu. Chagua sehemu moja ya ethi kwa kigunduzi kizima, na tenga umeme wa pampu na umeme wa vikuza mawimbi. Kisha zima kifaa kimoja kimoja: pampu, feni, taa, kreni. Kelele ikifuata pampu ya ombwe hata ukitenga umeme wake, ni mtikisiko wa mwili na si umeme. Gerimani huusikia kwa urahisi. Andika kiwango cha kelele cha kila njia siku ya kwanza. Bila rekodi hiyo, miezi sita baadaye hakuna atakayejua kama imezidi.

Shabaha inastahimilije kilowati 400?

Ndiyo nguvu ambayo FRIB ilisanifiwa kuifikia. Ilianza majaribio ya kisayansi Mei 2022 kwa kilowati 1 tu, na nguvu imekuwa ikipandishwa kwa hatua. Katika nguvu kamili karibu robo ya nishati huachwa kwenye shabaha, ndani ya doa la milimita 1. Kitu kilichosimama kingeyeyuka. Shabaha kwa hiyo ni sahani ya grafiti yenye kipenyo cha sentimita 30, iliyosanifiwa kuzunguka mara 5,000 kwa dakika na kutoa joto lake kwa kung'aa. Tatizo kama hilo liko njiani pia, pale ioni zinapovuliwa elektroni ili zisukumwe vizuri zaidi. Karatasi ya kaboni ingetoboka, kwa hiyo FRIB hutumia utando wa lithi ya kimiminika wenye unene wa mikromita 10 hadi 20, unaotiririka kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Utando ulioharibiwa na mwale hupita, mpya unachukua nafasi yake papo hapo.

Hatari kubwa kwa mafundi ni mionzi?

Mionzi inaheshimiwa: eneo la shabaha huhudumiwa kwa mikono ya mitambo nyuma ya zege, na milango hufungwa na mfumo unaozima mwale. Lakini kwenye ukumbi wa majaribio, hatari isiyoonekana ni ukosefu wa hewa. Lita moja ya heli ya kimiminika huwa lita 750 hivi za gesi, na nitrojeni karibu lita 700. Mtu hahisi chochote kabla ya kuanguka. Vipima oksijeni viwe ukutani na mfukoni, kwa heli viwekwe juu na kwa nitrojeni baridi viwekwe chini. Kengele ikilia, toka. Usirudi kumchukua mwenzako bila vifaa vya kupumulia.

Ujenzi unachukua muda na fedha kiasi gani?

FRIB ilichaguliwa mwaka 2008, ujenzi ukaanza 2014 na kukamilika Januari 2022, kwa dola milioni 730. Mashine yake ina vyumba 324 vya superkonda vya kuongezea ioni kasi, ndani ya moduli baridi 46. MoNA ilikuwa kazi ya miaka michache, na chuo kidogo kiliweza kubeba ukuta wake. Ukubwa unatofautiana sana, na anayeanza hana sababu ya kuogopa.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura ajiandae vipi?

Ajifunze mambo ya mezani kwanza: kusoma mpigo kwenye osiloskopu, kuhakiki nishati kwa vyanzo vya kobalti-60 na sizi-137, kuandika programu ya kuchambua data. Plastiki mbili zinazotoa mmweko, fotomaltiplaya mbili na myuoni za anga zinatosha kufundisha nusu ya yaliyoelezwa hapa. Kwa Afrika, iThemba LABS karibu na Cape Town ina saiklotroni (mashine ya kuongezea chembe kasi kwa kuzizungusha) ya protoni za MeV 200, spektromita ya K600 na vigunduzi vya gerimani vya AFRODITE. Mwenye shahada ya kwanza nzuri anaweza kuomba kufanya utafiti wake huko. Ujuzi wenyewe haupotei hata ukirudi nyumbani, kwani upimaji wa mionzi kwenye vyakula unaofanywa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kule Arusha una misingi ileile.

Kabla ya jaribio la kwanza, chombo kinathibitishwaje?

Kwa kiini kinachojulikana tayari. Leta mwale thabiti, au mwale nururifu ambao nishati zake zimepimwa na wengine, na uangalie kama unapata jibu lilelile. Hakikisha kwanza utambuzi wa viini: kwenye njia ya mita 15, kiini cha nusu ya kasi ya mwanga hutumia nanosekunde 100, na ili kutofautisha uzani wa 100 na 101 saa zako zisikosee zaidi ya nanosekunde 0.2 hivi. Kisha pima ufanisi, si nishati peke yake. Wengi huridhika wakiona vilele viko mahali pake huku robo ya matukio inapotea kwa sababu kifaa kimoja kimechelewa kufungua dirisha la muda. Mwisho, zima kila kitu, kiache kipate joto, kiwashe upya, urudie vipimo vyote. Chombo kinachotoa jibu moja kabla na baada ya hapo ndicho kinachopewa mwale adimu.